Tofali la Babu Si la Mzungu



Katika mkutano wa mwisho wa chama chetu, mzee mmoja ninayemheshimu sana alisimama akasema hivi: “Kitabu chetu ni kitabu cha mila. Makanisa ya wakoloni hayana nafasi ndani. Anayetaka kuyasifu, ayasifu kule parokiani.” Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Nilinyamaza tu, juu kwetu mdogo hapigani maneno na mkubwa mbele ya watu. Lakini karatasi haina macho ya kumwonea haya, na viongozi wa chama wameniruhusu nijibu. Basi najibu.

Sijibu kwa kupenda mabishano. Ninajibu kwa sababu iko jambo linalotungojea mlangoni. Katika parokia moja ya kwetu kando ya ziwa, ambayo sitaitaja jina, komite imekwisha kukata shauri: kanisa la zamani la matofali ya kuchoma litabomolewa, matofali yaliyo mazima yatauzwa, na mahali pake itasimama hangari kubwa ya bloku za simenti na mabati. Wakristo wengi wamefurahi. Watu wa mila nao hawakusema kitu, kwa kuwa wanaona hayo ni mambo ya mapadri. Kanisa hilo limekosa mtetezi pande zote mbili. Wenye sala wanasema ni la kizamani, wenye mila wanasema ni la Mzungu. Mimi ninasema wote wawili wanakosea, na kosa lao ni moja: hawakuuliza nani alilijenga.

Kuna jambo lingine linanichoma. Wengi kati ya hao wanaotaka kubomoa wamekwisha kusafiri. Wanakwenda Kigoma, Dar es Salaam, Bujumbura, wengine mpaka Ulaya. Wakirudi wanatuonyesha picha katika simu: “Tazama, hapa niko mbele ya katedrali.” Kanisa la zamani la wengine ni uzuri wa kupiga nao picha. Kanisa la zamani la kwetu ni uchafu wa kuondoa. Hii ni akili gani?

Nisijifanye mtakatifu. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo. Nimefundisha historia katika masomo ya sekondari miaka karibu ishirini, na tangu niko mwanafunzi ISP nilikuwa nawaambia watu kwamba makanisa haya ni alama ya utumwa wetu, basi. Kilichonibadilisha ni safari, na zaidi ya safari, ni basi.

Mwaka 2018 mdogo wangu anayeishi Dar es Salaam aliniita tumalize maneno ya posa ya binti yake. Nilivuka ziwa kwa mashua kutoka Kalemie mpaka Kigoma, halafu nikapanda basi alfajiri. Nilipofika Dar, wazazi wa kijana waliomba siku nane za kujikusanya. Siku nane katika mji wa watu, na mfuko wa mwalimu! Kukodi taksi haikuwezekana. Nikaamua kutembelea makanisa ya zamani kwa daladala, yale mabasi madogo yao ambayo konda anasimama mlangoni na kupiga mabati kwa mkono akiita abiria. Mwanzo niliona ni aibu ya umaskini. Kumbe umaskini huo ndio ulinifundisha.

Niseme kwanza juu ya ile njia ya Kigoma. Ukiwa ndani ya basi, miguu imevimba, jirani amekulalia begani, unafikiri ni safari ndefu tu. Lakini ile njia ni ya zamani kuliko lami. Kutoka Ujiji kupitia Tabora mpaka Bagamoyo ndiyo iliyokuwa njia ya misafara, zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu. Pembe za ndovu zilipita hapo. Watu wa Manyema na wa pande zetu walipita hapo na kamba shingoni. Na kwa njia ile ile, wakielekea upande wa pili, walikuja Mapadri Weupe wa kwanza: walitoka Bagamoyo mwezi wa sita 1878, wakafika Ujiji mwezi wa kwanza 1879. Miezi saba! Mwaka 1880 walifungua kituo cha Mulweba, katika Masanze, upande wetu wa ziwa. Mwaka 1885 walipokea Mpala, na ng'ambo yake Karema, vituo viwili vilivyokuwa vya chama cha mfalme Leopold II. Hata Kiswahili hiki ninachokiandika kilikuja kwetu kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo, mzee wangu, ukisema mambo ya kanisa la zamani hayatuhusu, ufute pia lugha uliyotumia kuyasema.

Dar es Salaam niliona makanisa mawili karibu na bandari. Moja ni la Wakatoliki, Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na Wajerumani kati ya 1897 na 1902. La pili ni la Walutheri, linaitwa Azania Front, nalo la miaka hiyo hiyo. Ni mazuri, siwezi kusema uongo. Lakini pale nilikuwa mtalii kama watalii. Nilitazama juu, nikatazama saa, nikatoka. Hakuna mtu aliyeniambia kitu, na mimi sikuuliza.

Siku ya tatu nilipanda daladala ya Bagamoyo. Ndani tulikuwa tumebanana kama samaki ndagaa katika gunia. Pembeni yangu alikuwa mama mzee mwenye kikapu. Nikamwambia: “Jambo mama.” Akanitazama tu. Kijana mmoja akacheka: “Mwalimu, huku mzee anaamkiwa shikamoo.” Nikasema shikamoo, uso ukaniwaka, sababu kwetu hatuna zoezi la neno hilo. Mama akaitika marahaba, kisha nikamwuliza kwa Kiswahili chetu: “Mama, batu ba kwenda ku misioni banashukia wapi?” Basi zima likacheka. Yeye hakucheka. Akauliza:

“Wewe ni Mkongo?”

“Ndiyo mama, natoka Kongo, kando ya Tanganyika.”

“Mama yake bibi yangu naye alitoka huko kwenu. Mmanyema. Lakini yeye hakupanda basi.”

Tuliendelea kimya kidogo. Halafu akaanza kunisimulia, taratibu, kati ya kelele za konda na muziki. Alisema yule bibi aliletwa mtoto mdogo, hakujua tena jina la kijiji chao. Mapadri walimkomboa kwa mali wakamweka katika kijiji cha misheni. Alikua pale, akaolewa pale. Na wakati wa kujenga kanisa kubwa, wanawake walichota maji ya kuchanganyia chokaa, mtungi baada ya mtungi, naye alikuwa mmoja wao. “Nikiingia ndani ya lile kanisa,” mama akasema, “mimi sioni Wajerumani wala Wafaransa. Mimi naona maji ya bibi.”

Wandugu, nilisoma vitabu vingi ISP. Sentensi hiyo sikuikuta katika kitabu hata kimoja.

Tulishuka, akanionyesha njia ya miembe inayoelekea misheni. Pale ndipo Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofika kutoka Zanzibar mwaka 1868. Mwaka 1872 tufani kubwa iliwavunjia majengo, wakaanza upya. Kanisa lao la kwanza limebaki mnara tu, na kanisa kubwa lililojengwa kati ya 1910 na 1914 linasimama mpaka leo. Mtu wa kutembeza wageni alinionyesha ule mnara, akaniambia kwamba unaitwa mnara wa Livingstone. Nikauliza kama Livingstone aliujenga. Hapana. Kama aliishi humo? Hapana. Maiti yake ililazwa humo mwezi wa pili 1874, kabla ya kupelekwa Zanzibar na Uingereza. Mtu aliyekwisha kufa, amelala hapo muda mfupi, na mnara ukapewa jina lake!

Na waliomleta? Alikufa kule Chitambo, katika Zambia ya leo, mwezi wa tano 1873. Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili wake, wakaubeba mabegani kwa miezi tisa mpaka pwani. Ilipofika siku ya kumzika London, mwezi wa nne 1874, katika wale Waafrika waliomleta alikuwapo Jacob Wainwright peke yake. Chuma na Susi walipelekwa Uingereza baadaye, kaburi limekwisha kufunikwa. Hakuna mnara Bagamoyo unaoitwa mnara wa Chuma na Susi. Na mtungi wa bibi Mmanyema hauna hata kibao cha mbao.

Hapo ndipo nilipoelewa faida ya basi. Mgeni anayekuja kwa gari la kukodi anapelekwa kwenye kibao. Anasoma mwaka, anasoma jina la askofu, anapiga picha, anarudi hotelini. Anayekuja kwa basi la wananchi anakaa pamoja na vitukuu vya wajenzi. Kibao kinasema nani aliamuru. Basi linasema nani alibeba. Usiniambie kwamba ni bahati tu. Ukikaa saa mbili na watu wa mahali, ukiwasalimu sawasawa, ukakubali wakucheke lugha yako, watakueleza. Ndani ya gari la kukodi hakuna wa kukueleza isipokuwa aliyelipwa.

Nilivuka pia mpaka Zanzibar. Pale Mkunazini kuna kanisa kuu la Waanglikana, limejengwa juu ya uwanja wa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, baada ya Sultani Barghash kulazimishwa na Waingereza kutia sahihi, na Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi liliwekwa. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, yule aliyeandika pia kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Jengo lilimalizika mnamo 1880. Kuna msalaba mdogo wa mti uliotoka Chitambo, pale ulipozikwa moyo wa Livingstone. Nje, ndani ya shimo, kuna sanamu za watumwa zilizochongwa mwaka 1998 na mwanamke wa Sweden, Clara Sörnäs, zikiwa na minyororo ya kweli shingoni. Nilisimama pale muda mrefu. Nikafikiri: katika hawa, wangapi walisema lugha ya nyumbani kwetu?

Lakini jambo lililonikasirisha lilikuwa dogo. Karibu na mlango kuna nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba askofu alikuwa safarini, na mafundi Waafrika hawakujua upande wa juu. Mtembezaji alisimulia akicheka, wageni wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pamoja nao. Usiku ndipo nilipojiuliza. Paa la kanisa hilo ni tao moja refu la zege, bila mbao za kulishikilia. Wako watu siku zile waliosema litaanguka. Halijaanguka. Ni mikono ya nani iliyochanganya zege hiyo ikakaa zaidi ya miaka 140? Ni mikono ile ile. Nguzo ikipinduka, tunaambiwa ni kosa la Mwafrika. Paa likisimama, tunaambiwa ni akili ya askofu. Na sisi tunacheka!

Kabla ya kurudi nilipanda daladala tena mpaka Mbweni, nje kidogo ya mji. Huko Waanglikana waliweka kijiji cha watumwa waliokombolewa katika miaka ya 1870, wakajenga shule ya wasichana na kanisa dogo la Mtakatifu Yohana, lililobarikiwa mwaka 1882. Shule ni magofu. Kanisa bado linasaliwa. Hakuna aliyelibomoa kwa sababu ni dogo.

Sasa nijibu hoja za wenzangu, moja moja, wasiseme nimewakimbia.

Hoja ya kwanza: makanisa haya yalijengwa kwa jasho la lazima, kwa hiyo ni alama za aibu. Ni kweli kwa sehemu kubwa, na mimi sitaificha. Katika Kongo ya Leopold, Wajezuiti wa Bas-Congo walikuwa na mashamba ya watoto waliyoyaita fermes-chapelles, na tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti mwaka 1905 iliyakemea. Mwaka 1906 serikali ya mfalme huyo ilifanya mapatano na Roma: kila misheni kupewa bure ardhi ya hektari 100 mpaka 200, nayo ifungue masomo. Ardhi ya nani? Ya babu zetu, na hakuna aliyewauliza. Hata Bagamoyo, waliokombolewa walilima mashamba ya misheni, na kengele iliwapangia saa ya kuamka, ya sala na ya jembe. Wengine walichoka, wakaondoka.

Ninakubali yote hayo. Lakini nawauliza: mtu aliyeibiwa, je, anachoma ushahidi? Siku watoto wetu wakisema “tulifanyishwa kazi,” na mtu akiwajibu “onyesheni,” wataonyesha nini? Hangari ya mabati? Tukibomoa, tunamfanyia mkoloni kazi ya mwisho: tunamfutia alama za vidole. Wazanzibari wangeweza kufukia lile shimo la Mkunazini na kuuza soda juu yake. Walikubali liwe mahali pa kukumbuka.

Hoja ya pili: mila ni kile kilichokuwapo kabla ya Mzungu. Hapo, mzee wangu, ninakuomba ruhusa nikucheke kidogo kwa heshima. Jioni ya mkutano ule tulikula ugali wa mihogo na mahindi. Mihogo na mahindi vilitoka Amerika. Mama zetu walivaa vitenge, na kitenge cha wax kilianza kuchapishwa na Waholanzi kwa kuiga batiki ya Java. Kiswahili kilitoka pwani. Hakuna aliyesema tuviondoe katika kitabu cha mila. Juu ya nini? Kwa sababu mama zetu walivishika kwa mikono yao, wakavigeuza vyetu, wakatuachia. Mimi naona hiyo ndiyo mila: kitu ambacho wakubwa wamekifanya kwa mikono na kuwaachia wadogo. Kwa kipimo hicho, kanisa la matofali ambayo babu zetu waliyafinyanga, wakayachoma kwa kuni walizokata, wakayabeba kutoka mtoni, ambamo waliimba kwa ngoma zao na mbele yake walizika watu wao, ni mila kama mtumbwi ulivyo mila.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, na inatoka kwa komite yenyewe: Wakristo wameongezeka, kanisa ni dogo, paa linavuja, na pesa hakuna. Hiyo ni shida ya kweli. Jumapili watu wanasimama nje kwenye jua, mama wenye watoto mgongoni. Sitaki wateseke kwa ajili ya matofali. Lakini jibu liko Bagamoyo. Walipohitaji nafasi walijenga kanisa kubwa, na ule mnara wa zamani wakauacha usimame. Kiwanja cha parokia yetu ni kikubwa, ule mfalme aliyejifanya mkarimu kwa ardhi yetu alihakikisha hivyo! Jengeni hangari pembeni. La zamani litengenezwe polepole, lifanywe mahali pa katekisimu, pa mkutano, pa kusomea watoto wasio na taa nyumbani. Kuziba paa si bei ya kubomoa ukuta na kujenga upya. Wazee walikwisha kusema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Na pesa ya kuuza matofali mnaifikiria kubwa, lakini itamalizika kabla ya msumari wa mwisho.

Nimewajibu wanaotaka kubomoa. Sasa niwageukie wale wanaodhani niko upande wao. Kuna watu kwetu wanaolipenda kanisa la zamani kwa sababu mbaya. Wanasema: “Mnaona? Wazungu walijua kujenga. Tangu waondoke, ni uharibifu tu.” Mimi sitetei kanisa pamoja na watu hawa. Wao na wabomoaji wanakula sahani moja: wote wanaamini kwamba Mzungu ndiye aliyejenga. Mmoja anapiga magoti kwa ajili hiyo, mwingine anachukua nyundo.

Tazameni Karema, ng'ambo ya ziwa. Misheni ile inakumbukwa kwa mtu mmoja kuliko maaskofu wake: Daktari Adriano Atiman. Alitekwa akiwa mtoto katika pande za Timbuktu, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa uganga kule Malta, akafika Karema mwaka 1889. Akatibu watu wa ziwa mpaka kufa kwake mwaka 1956. Na upande wetu, Baudouinville, ambayo leo ni sehemu ya Moba, ndipo alipopewa upadri mwaka 1917 Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mkongomani wa zama za ukoloni. Majina hayo mawili yalihifadhiwa kwa sababu mmoja alikuwa daktari na mwingine padri. Lakini wafinyanzi wa matofali je? Wachoma chokaa? Wapasua mbao? Wapishi, wapagazi, wanawake wa mitungi? Historia imewaandika kwa neno moja: “wenyeji.”

Babu yangu alikuwa mmoja wa “wenyeji” hao. Alikuwa anatusimulia kwamba walipokuwa watoto wa katekisimu, kila asubuhi mtu alibeba matofali kutoka tanuri mpaka kilimani kabla ya kuruhusiwa kuketi darasani. Asiyebeba hakufundishwa. Fureri mmoja tu ndiye alikuwa Mzungu wa kazi, mafundi wengine wote walikuwa watu wetu. Babu hakulipwa hata franka moja. Alikuwa anakasirika akisimulia, na mwisho wa hasira anasema: “Lakini ukuta wetu umenyooka.” Wetu, alisema. Alikufa mwaka 1994. Wakati huo nilikuwa kijana, nilisikia hasira tu. Lile neno la mwisho sikulisikia. Ilibidi nipande daladala katika nchi ya watu, nikae na mama mwenye kikapu, ndipo nilisikie.

Niliporudi kutoka Dar, Jumapili ya kwanza nilizunguka kanisa letu nyuma, upande wa sakristia, ambapo plasta imeanguka. Matofali yako wazi. Katika baadhi yake kuna alama za vidole, zilizobaki wakati udongo ulipokuwa mbichi. Vidole vingine ni vidogo, vya mtoto. Sijui kama kimojawapo ni cha babu. Niliweka kidole changu ndani ya alama moja. Hakikuingia.

Basi ninaomba mambo matatu, na ninayaomba wazi.

Kwanza, komite ya parokia ile isimamishe ubomoaji, iite wazee wa vijiji vyote vilivyobeba matofali, si Wakristo peke yao, na iwasikilize kabla ya kugusa ukuta. Wasiosali kwetu nao, babu zao walibeba. Kanisa hilo si mali ya komite peke yake.

Pili, ndugu unayesafiri, hata ukiwa na pesa ya taksi, panda basi la wananchi angalau siku moja. Ukifika kwenye kanisa la zamani, kabla ya kutoa simu ya picha, uliza maswali matatu: mawe au matofali yalitoka wapi, nani aliyabeba, na je, alilipwa? Kama mtembezaji hajui, muulize mama anayeuza karanga nje. Kisha urudi nyumbani uulize maswali hayo hayo kwenye kanisa lenu.

Tatu, chama chetu kiache kubishana kama hii ni mila au si mila, kikusanye majina. Wazee waliobeba matofali wamekufa karibu wote, lakini watoto wao wako, wanakumbuka nani alikuwa fundi, nani kapita wa tanuri, nani alivunjika mguu akianguka kutoka kwenye paa. Mimi na wanafunzi wangu wa mwaka wa tano tumeanza. Tuko na majina 31 katika daftari moja. Ninaomba kitabu chetu kijacho kitupe kurasa za kuyachapisha, na siku ya marehemu wote yasomwe kwa sauti, ndani ya kuta hizo, kama zitakuwa bado zimesimama.

Mzee wangu uliyesema makanisa haya hayana nafasi katika kitabu cha mila, sikukasirikia. Umri wako ni mkubwa kuliko wangu, na bila shaka na wewe ulikuwa na babu kando ya ziwa hili. Ninakuomba jambo moja tu kabla ya mkutano ujao. Nenda nyuma ya sakristia, utafute alama za vidole. Halafu uje utuambie ni za nani.